Majitaka ya Ukambani: Bakteria wapo, kilichokosekana ni makao yao

SEHEMU kubwa ya maji yatakayohifadhiwa katika bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa kaunti za Makueni na Kitui, ni maji ya mto Athi. Nao mto Athi, kabla ya kuingia Ukambani, huwa umekwisha kupokea maji ya mto Nairobi pamoja na kila kitu ambacho jiji kuu humwaga ndani yake. Kati ya choo cha Nairobi na mtungi wa Makueni, kazi kubwa ya ulinzi imeachiwa bakteria wanaoishi katika mabwawa ya kusafishia majitaka huko Ruai, mashariki mwa jiji.

Wakati huohuo, bakteria wa aina nyingine wanauzwa madukani. Kote nchini kuna unga na maji ya chupa yanayonadiwa kuwa yana "bakteria wazuri". Mnunuzi huambiwa amwage kiasi kidogo chooni au katika tangi la majitaka, na baada ya siku chache tope litapungua, harufu itakwisha, na lori la kunyonya uchafu halitahitajika tena. Wenye hoteli, wakuu wa shule na wamiliki wa nyumba za kupangisha ndio wateja wanaotafutwa zaidi. Kwa kaunti zenye uhaba wa maji na wa fedha, kama Kitui na Makueni, ahadi ya namna hiyo ni tamu mno.

Sayansi iliyo nyuma ya ahadi hiyo ni ya kweli. Bakteria ndio wanaosafisha majitaka karibu kila mahali duniani, na wako wanaopunguza tope. Swali ni kama wanaokosekana Ukambani ni bakteria wenyewe, au ni mahali pa kuwaweka wafanye kazi. Jibu la swali hilo ndilo linalopasa kuamua fedha za umma ziende wapi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huisikia ikitajwa bila kuelezwa. Zaidi ya asilimia 99 ya majitaka ni maji matupu. Kilichobaki ni kinyesi, mabaki ya chakula, mafuta, sabuni na chumvichumvi. Bakteria hula mabaki hayo kama mchwa wanavyokula gogo kavu. Wapo wanaohitaji hewa ya oksijeni ili waishi, na wapo ambao oksijeni huwaua, kwa hiyo hufanya kazi chini kabisa, gizani. Wa kwanza hula upesi na huacha maji yakiwa safi zaidi. Miongoni mwao wamo wale wa jamii ya Nitrosomonas, ambao huanza kuigeuza amonia, ile inayotoa harufu kali chooni, hatimaye ikawa naitreti.

Wanakemia wawili wa mji wa Manchester nchini Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, walionyesha mwaka 1914 jinsi kazi hiyo inavyoweza kuharakishwa. Waliyapuliza majitaka hewa, kisha badala ya kulitupa tope lililotuama, wakaliacha ndani ya chombo na kumimina majitaka mengine juu yake. Usafishaji uliochukua majuma kadhaa hapo awali ukawa wa saa chache. Tope ambalo miji ilikuwa ikilihangaikia namna ya kulitupa, kumbe ndilo lililobeba wafanyakazi. Mitambo mingi ya miji mikubwa duniani hadi leo inafuata ugunduzi huo.

Hapa pana jambo ambalo matangazo ya biashara hulipita kimya. Bakteria wanapokula, huzaana. Wale wa oksijeni hugeuza karibu nusu ya chakula chao kuwa miili mipya ya bakteria wenzao, na miili hiyo ikifa au ikituama huwa ndiyo tope lenyewe. Kwa maneno mengine, kadiri wanavyosafisha maji ndivyo wanavyotengeneza tope. Wale wasiotumia oksijeni wana tabia tofauti. Sehemu kubwa ya chakula chao huigeuza kuwa gesi, hasa methani na kabonidioksidi, na ni kama sehemu moja tu katika kumi, au pungufu ya hapo, inayogeuka kuwa miili mipya. Hao ndio wapunguzaji hasa wa tope. Lakini hufanya kazi polepole, na hupenda joto.

Joto ni kitu kimoja ambacho Ukambani haikunyimwa. Wahandisi wa majitaka hukadiria kuwa bwawa lenye kina kirefu, lisilo na oksijeni, huondoa kiasi cha asilimia 40 ya uchafu unaooza maji yakiwa na nyuzijoto 10 za selsiasi. Yakifika nyuzi 25 kiasi hicho hupanda hadi asilimia 70 hivi. Ubaridi ambao mji wa Ulaya hulazimika kupambana nao kwa mashine na umeme, nyanda za Kibwezi na Mwingi hazina. Mtu akitaka kujua ni wapi nchini Kenya pangefaa zaidi kwa bakteria kufanya kazi bila malipo, aangalie ramani ya mvua: mahali pasiponyesha kwa wingi, penye jua la mwaka mzima na ardhi isiyobanana.

Mfano mkubwa zaidi wa kazi hiyo hapa nchini uko Ruai. Mitambo hiyo, ambayo wengi huiita ya Dandora, ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uwezo wake hutajwa kuwa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Neno mitambo lenyewe linapotosha, kwani kilichopo pale kwa sehemu kubwa ni msururu wa mabwawa. Majitaka huingia kwanza katika mabwawa yenye kina kirefu, ambamo bakteria wasiotumia oksijeni huvunjavunja uchafu mzito. Kisha hupita katika mabwawa yenye kina cha mita moja hadi mbili. Humo mwani wa kijani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni, na bakteria huitumia oksijeni hiyo kumalizia kazi. Mwishoni yapo mabwawa yasiyo na kina, ambamo mwanga wa jua na muda huua vijidudu vya magonjwa. Baada ya hapo maji huingia mto Nairobi, yakaungana na Athi, yakashuka kupitia Machakos hadi katikati ya Makueni na Kitui, na hatimaye, kwa jina la Galana na kisha Sabaki, yakafika Bahari Hindi karibu na Malindi.

Mabwawa ya aina hii hayahitaji pampu za hewa wala wataalamu wengi. Yanahitaji ardhi, muda na jambo moja ambalo husahaulika: tope lililotuama chini lazima liondolewe kila baada ya miaka michache. Lisipoondolewa, kina hupungua, maji hupita haraka kuliko inavyotakiwa, na bakteria hukosa nafasi ya kumaliza kazi waliyopewa. Bwawa lililojaa tope huonekana kama bwawa jingine lolote kwa mtu apitaye barabarani, na hiyo ndiyo sababu bajeti ya kulisafisha ni rahisi kukatwa.

Isitoshe, si majitaka yote ya Nairobi yanayofika Ruai. Jiji lilikuwa na wakazi 4,397,073 katika sensa ya mwaka 2019, na sehemu kubwa ya mitaa ya mabanda haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Uchafu wao huingia mitoni moja kwa moja. Mnamo Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi wa kufufua mito ya Nairobi, ambao ndani yake mna ulazaji wa mabomba makubwa ya majitaka kandokando ya mto. Mjadala wa mradi huo umekuwa wa Wanairobi, wa madaraja, bustani na nyumba zitakazobomolewa. Mkazi wa Kibwezi Mashariki anayepampu maji ya Athi kumwagilia mboga na matikiti hakutajwa sana, ingawa yeye ndiye anayeyapokea maji hayo mwisho wa safari.

Bwawa la Thwake limeufanya mjadala huo kuwa wa lazima. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018 kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tarehe ya kukamilika imesukumwa mbele zaidi ya mara moja. Ukuta wake una urefu wa mita 80.5, na bwawa limekusudiwa kuhifadhi kiasi cha mita za ujazo milioni 680 kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, kilimo, umeme na mji wa Konza. Maji ya mto huenda mbio, lakini ya bwawa hukaa. Kukaa huko kuna faida, maana vijidudu vingi vya kinyesi hufa maji yakitulia kwa majuma au miezi. Ila kuna mambo mawili ambayo bakteria hawatatufanyia.

La kwanza ni madini. Risasi, zebaki na kromiamu kutoka viwandani na kwenye karakana haziliwi na kiumbe yeyote zikaisha. Bakteria wanaweza kuzibadilisha umbo au kuzinasa katika tope, lakini haziondoki duniani. Zikinaswa, tope hilo nalo huwa na sumu na halifai tena kuwa mbolea. Madini huzuiwa mahali pamoja tu, nako ni kwenye mlango wa kiwanda, kabla hayajachanganyika na kinyesi cha watu milioni nne.

La pili ni rutuba. Mabwawa kama ya Ruai huondoa uchafu unaooza, lakini kiasi kikubwa cha nitrojeni na fosforasi hupita. Katika shamba hiyo ni mbolea. Katika bwawa ni karamu ya mwani na magugumaji. Wanairobi wanalo somo hilo karibu na nyumbani. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na kuwahi kuwa mahali pa mashindano ya mashua, lilimezwa na magugumaji kwa sababu ya uchafu wa mitaa inayolizunguka. Nchini Afrika Kusini, bwawa la Hartbeespoort karibu na Pretoria hupokea maji yanayotoka upande wa Johannesburg baada ya kupita katika mitambo ya majitaka. Kwa miongo kadhaa limeandamwa na mwani wenye sumu na magugumaji, pamoja na kila aina ya dawa na tiba zilizojaribiwa. Tofauti ni kwamba Afrika Kusini iligundua tatizo baada ya bwawa kujengwa. Thwake inajengwa tatizo likijulikana.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuisukumia Nairobi lawama zote. Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187 katika sensa ya 2019, na Makueni 987,653. Kinyesi chao nacho kinakwenda mahali fulani.

Kitui imo miongoni mwa kaunti za mwanzo nchini kutangazwa kuwa wakazi wake wameacha kujisaidia vichakani. Hayo ni mafanikio makubwa, na yalipatikana kwa kuwashawishi watu vijijini, si kwa mabilioni. Lakini kila choo kilichochimbwa kimeanza kujaa. Wataalamu hukadiria kuwa choo cha shimo hukusanya lita 40 hadi 60 za tope kwa kila mtumiaji kwa mwaka. Tukichukua kiwango cha chini, lita 40, na kukizidisha kwa wakazi wa kaunti zote mbili, tunapata kiasi cha mita za ujazo 85,000 kila mwaka. Lori lenye tangi la mita za ujazo 10 lingehitaji safari 8,500 kuziondoa.

Kijijini, shimo likijaa hufukiwa na jingine huchimbwa, na udongo wenyewe huwa ndio kiwanda cha kusafisha. Kwa miaka michache bakteria wa ardhini huligeuza tope kuwa udongo wa kawaida. Hapo hakuna tatizo la haraka, isipokuwa kwenye miamba au karibu na kisima. Tatizo liko mijini: Wote, Kitui, Mwingi, na ile miji iliyopangana kwenye barabara kuu ya Mombasa, yaani Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Huko ploti ni ndogo, nyumba za kupangisha ni za orofa, hoteli hazifungi usiku wala mchana, na malori hulala kwa mamia. Shimo likijaa hapana pa kuchimba jingine.

Kinachofuata kinajulikana na kila mwenye nyumba. Huitwa lori la kunyonya, hulipwa fedha zake, likaondoka. Linakokwenda baada ya hapo si jambo linaloulizwa sana. Ikiwa mahali halali pa kumwaga pako mbali, na dizeli ni ghali, dereva anashawishika kufungua bomba kwenye korongo la karibu. Makorongo ya Ukambani ni makavu karibu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayeona madhara hadi mvua za Novemba zitakapoyasukuma yote mtoni.

Ni katika mwanya huu ambapo muuzaji wa bakteria wa pakiti hupata soko. Kama lori ni ghali na pa kumwaga hapapo, kwa nini usinunue unga wa kulimaliza tope humohumo shimoni?

Jibu lilitolewa nchini Afrika Kusini katika miaka ya 2000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal mjini Durban walizijaribu bidhaa kadhaa za aina hiyo, kwanza katika maabara kisha katika vyoo vinavyotumiwa na watu. Walilinganisha vyoo vilivyotiwa dawa na vile visivyotiwa kitu. Hawakuona ushahidi kwamba bidhaa hizo ziliharakisha kupungua kwa tope. Vyoo vilivyomwagiwa maji matupu havikuwa nyuma ya vilivyomwagiwa bakteria wa dukani.

Sababu si fumbo, na msomaji anaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Gramu moja ya kinyesi cha binadamu ina bakteria wanaokadiriwa kufikia bilioni 100. Tuseme pakiti ya gramu 100 ina bakteria bilioni 10 kwa kila gramu, ambacho ni kiwango cha ukarimu. Jumla yao ni trilioni moja, yaani sawa na walio katika gramu 10 tu za kinyesi. Mtu mmoja huongeza shimoni mara kumi ya hao, na zaidi, kila aingiapo chooni. Kumwaga pakiti ni kupeleka maji baharini kwa kijiko. Shimo halina upungufu wa bakteria hata kidogo. Limekosa oksijeni, limekosa nafasi, na mara nyingi limejaa vitu ambavyo hakuna bakteria anayevila: plastiki, nguo, nepi, chupa na mchanga.

Ahadi nyingine iliyoenea ni ya lile tangi dogo liitwalo biodijesta, linalouzwa kwa maelezo kuwa halitajaa kamwe. Lenyewe si la kudharauliwa. Likijengwa vizuri, likapata ukubwa unaolingana na watumiaji na mahali pa maji yake kunywea ardhini, hufanya kazi kama tangi zuri la majitaka. Ubaya uko katika neno "kamwe". Shirika la reli la India liliweka mabehewani maelfu ya vyoo vya namna hiyo, vikiwa na bakteria maalumu waliotengenezwa na maabara ya wizara ya ulinzi. Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Madras walipovichunguza, walisema mwaka 2017 kwamba kilichokuwa kikitoka chini hakikuwa tofauti sana na majitaka ghafi. Wenye reli walipinga matokeo hayo. Bakteria wale hawakuwa bandia. Tatizo lilikuwa kwamba kinyesi hakikukaa ndani kwa muda wa kutosha. Muda hauwezi kutiwa kwenye pakiti.

Tusiwanyime wauzaji haki yao. Zipo kazi ambazo bakteria wa kununuliwa huzifanya vizuri. Mitego ya mafuta katika jikoni za hoteli hufaidika na bakteria waliochaguliwa kwa kuvunja mafuta. Tangi ambalo bakteria wake wameuawa na dawa kali za kuulia vijidudu linaweza kuamshwa. Kiwanda kinachotoa majitaka ya aina moja kwa msimu, kama kile cha kusindika maembe cha Kalamba huko Makueni, kina hitaji tofauti na la choo, kwa sababu sukari ya matunda haiji na bakteria wengi wa kwake kama kinyesi kinavyokuja. Lakini hata hapo, njia inayojulikana na kila fundi wa biogesi ni nyepesi zaidi: chukua samadi mbichi ya ng'ombe, au lori moja la tope kutoka mtambo unaofanya kazi, uanzishie nalo. Ukambani haina uhaba wa ng'ombe kiasi cha kuagiza bakteria kwa ndege.

Basi fedha ziende wapi? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na ya viwango vinavyofaa vya usafi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeziachia kaunti huduma za maji na usafi. Kampuni za maji zipo: KITWASCO mjini Kitui, KIMWASCO upande wa Mwingi, WOWASCO mjini Wote, KIMAWASCO kwa Kibwezi na Makindu. Majina karibu yote yanataja usafi au majitaka pamoja na maji, lakini mtu akifungua mfereji ni neno la kwanza tu analokutana nalo. Kwa hili kampuni hizo haziko peke yake. Nchini kote, sensa ya 2019 ilionyesha kuwa ni kama kaya moja tu kati ya kumi iliyounganishwa na bomba la majitaka.

Kutaka kila mtaa wa Emali au Mwingi ulazwe bomba ni kutaka jambo lisilowezekana kwa sasa, na pengine lisilofaa. Bomba la majitaka linahitaji maji mengi ili lisizibe, na mji unaopata maji mara mbili kwa juma hauna maji ya kusukuma uchafu. Mji wa namna hiyo unahitaji kitu kidogo zaidi: mahali halali, karibu, ambapo lori linaweza kumwaga tope bila dereva kupoteza nusu siku. Vitanda vya kukaushia vilivyojengwa kwa mchanga na kokoto, bwawa moja la kina kirefu na mawili yasiyo na kina, uzio, na mlinzi mwenye daftari la kuandika kila lori. Maji hupenya mchangani yakaelekea mabwawani. Tope hubaki juu likakauka kwa jua la Makindu, likapungua kutoka kitu cha kumwagika hadi kitu cha kuchotwa kwa sepetu.

Tope hilo kavu si lazima litupwe. Mjini Nakuru, kampuni ya maji ya huko imeshiriki kuligeuza tope la vyoo kuwa briketi za kupikia, baada ya kulichoma na kulichanganya na vumbi la mkaa au la mbao. Kwa Kitui habari hiyo ina uzito wa pekee. Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa mkaa na mchanga nje ya kaunti mwaka 2018, na mzozo uliofuata, pamoja na lori kuteketezwa, ulionyesha jinsi ukataji wa miti ulivyowachoma wakazi moyoni. Briketi za tope hazitauondoa mkaa sokoni. Kwa shule yenye jiko kubwa linalomeza kuni kwa magunia, hata hivyo, ni jambo la kujaribiwa, na Kitui ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza chenye uwezo wa kulipima.

Mchanga uliotajwa katika marufuku hiyo unatupeleka kwa kikosi kingine cha bakteria, ambacho Ukambani imekuwa ikikitumia kwa miaka mingi pasipo kukiita kwa jina hilo. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mamia Kitui tangu miaka ya 1990, mengi kwa juhudi za shirika la SASOL pamoja na wanakijiji, huhifadhi maji katikati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii. Juu ya chembe hizo huota utando mwembamba wa bakteria. Maji yanapopenya, utando hunasa na kula sehemu ya uchafu, kama unavyofanya katika mitambo ya kusafisha maji ya kunywa ya miji mikubwa.

Tena, kinga hiyo ina masharti yake. Uchunguzi uliofanywa kusini mashariki mwa Kenya umeonyesha kuwa maji yanayochotwa kwa kata kwenye vishimo vilivyo wazi mchangani huwa na vijidudu vya kinyesi kwa wingi kuliko yale yanayovutwa kwa pampu kutoka bwawa lilelile. Punda na mbuzi hunywa pale pale binadamu anapochota. Na mchanga ukizolewa kupelekwa kwenye majengo ya Nairobi, utando na maji yake huondoka pamoja nao. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Wengi huielewa sheria hiyo kuwa ya kuzuia mito isikauke, na ndivyo ilivyo, ila ni sheria ya usafi wa maji vilevile. Lori la mchanga linaloondoka usiku hupunguza chujio, na lori la tope linalofunguliwa korongoni huongeza cha kuchujwa, na mara nyingi ni mto uleule.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za uchafu unaohitaji oksijeni katika kila lita ya majitaka yanayoachiliwa kwenye mazingira. Vipimo vya namna hiyo ndivyo vinavyoonyesha kama bakteria wanafanya kazi, iwe ni wale wa Ruai au wa bwawa dogo la Kibwezi. Havihitaji kuwa siri. Vikibandikwa kila mwezi kwenye tovuti na kwenye mbao za matangazo za machifu kandokando ya Athi, mkulima wa matikiti atajua ni mwezi gani asimwagilie, na mwakilishi wake katika bunge la kaunti atakuwa na la kuuliza anapokutana na wenzake wa Nairobi.

Kwa upande wa kaunti zenyewe, vikao vya umma vya kujadili bajeti hufanyika kila mwaka, wadi kwa wadi. Mkazi wa Wote au Mtito Andei atakayehudhuria hana haja ya kuelewa tabia za Nitrosomonas. Aulize lori lililonyonya tangi la nyumba yake wiki iliyopita lilimwaga wapi, na katika makadirio yaliyo mbele yake ni ukurasa upi unaotaja mahali hapo.